Tasnifu za isimu zipokelewe pamoja na sauti zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ninachotaka kusema kinawahusu wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa isimu katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, wasimamizi wao na maktaba zinazopokea kazi zao. Lakini mwenye hasara kuliko wote ni yule mzee wa kijijini anayekaa siku tano mfululizo akijibu maswali ya mwanafunzi. Ombi langu ni hili: tasnifu yoyote iliyojengwa juu ya usemi wa watu isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka rekodi za usemi huo zikabidhiwe maktaba, zikiwa na maelezo yake na ridhaa ya waliosema.

Desturi iliyoenea ni mwanafunzi kukabidhi nakala zilizojalidiwa na faili la PDF, basi. Rekodi hubaki kwenye kompyuta yake au kwenye simu. Kompyuta huibwa, kadi ya kumbukumbu hufutwa ili ipokee picha za harusi, diski hufa bila kutoa taarifa. Miaka mitano baadaye tasnifu ipo rafuni na sauti haipo popote. Anayekuja nyuma hana budi kumwamini mwandishi neno kwa neno, maana msemaji hasikiki tena.

Simshuku mtu uaminifu. Hata mwanafunzi hodari hukosea, na makosa yenyewe yana sababu zinazojulikana. Chukua irabu. Kiswahili kina tano. Kisukuma, Kinyamwezi na Kinyakyusa zina saba: kati ya i na e ipo nyingine, ambayo wanaisimu wengi huiandika ɪ, na kati ya u na o ipo nyingine tena, ʊ. Sikio lililolelewa na irabu tano haliipokei ile ya katikati. Leo huisukumia upande wa i, kesho upande wa e. Ndipo katika kazi moja shina lilelile huandikwa kwa i kwenye sura ya tatu na kwa e kwenye kiambatisho. Rekodi ikiwapo, mtu hufungua programu ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam na inayopatikana bure, akapima fomanti ya kwanza na ya pili (masafa ya mwangwi wa kinywa yanayotofautisha irabu) za irabu mia mbili au tatu, na kwa siku moja mbili anajua kama makundi ni matano au saba. Rekodi isipokuwapo, inabidi kukata tiketi ya basi kwenda kumtafuta msemaji, kama bado yu hai.

Toni, yaani sauti ya juu au ya chini ya silabi, inasumbua zaidi. Kiswahili kiliachana nayo zamani, kikabaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kinyakyusa nacho hakina toni. Lakini sehemu kubwa ya lugha za Kibantu zinayo, na inafanya kazi ya kutofautisha maneno na nyakati za kitenzi. Mwanafunzi aliyefikiri kwa Kiswahili tangu shule ya msingi anaisikia kama mwimbo tu wa lahaja. Mwishowe huandika kwenye mipaka ya utafiti kwamba toni haikushughulikiwa. Sina ugomvi na sentensi hiyo endapo sauti zimehifadhiwa, kwa sababu mwingine atakuja kuishughulikia toni kutoka kwenye rekodi zilezile. Zikipotea, alichokiacha mwanafunzi mmoja kwa kukosa muda kimeachwa kwa niaba ya wote.

Kuna kosa la tatu ambalo ningependa wasimamizi walitazame kwa makini, kwa kuwa linaanzia kwenye hojaji. Mwanafunzi huandika sentensi za Kiswahili na kumwomba msemaji azitafsiri: tulifunga, tulikwenda, tulikula. Kiambishi -li- hakiulizi ni lini. Kihaya kinauliza. Kwa kitenzi -koma, yaani kufunga, Mhaya hutumia umbo la twakoma kwa jambo lililofanyika mapema leo, tukomile kwa la jana, na tukakoma kwa la kabla ya jana (naziandika bila alama za toni). Hojaji ya tulifunga humletea mtafiti umbo moja kati ya hayo matatu, lile lililomjia msemaji kwanza, na mengine mawili hayaonekani kabisa. Halafu akikutana na -ka- ndani ya hadithi, Kiswahili kinamnong'oneza kwamba hicho ni kiambishi cha matukio yanayofuatana, naye anaandika hivyo kwenye mstari wa uchanganuzi. Sentensi za kuuliza lazima zibebe wakati ndani yake: leo asubuhi, jana jioni, mwaka juzi, siku ile babu yangu alipokuwa kijana. Na zisitosheke zenyewe. Kwa kila saa ya tafsiri iwepo angalau saa ya usemi wa kawaida, watu wawili wakizungumza, mtu akieleza namna ya kupika au kujenga, mtu akisimulia hadithi. Usemi wa kawaida hutoa maumbo ambayo mtafiti hakujua kuyauliza, na ndiyo sehemu ya rekodi ambayo watafiti wa baadaye huitafuta zaidi.

Sasa kuhusu kurekodi kwenyewe, maana haitasaidia maktaba kupokea sauti mbovu. Kipimo kinachotumiwa na hifadhi za lugha ni faili la WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Kisiposhikwa hicho, sampuli 44,100 kwa biti 16 inatosha. MP3 isitumiwe, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp usihesabiwe kuwa data ya fonolojia, yaani ya mfumo wa sauti za lugha: zote hubana sauti kwa kutupa sehemu yake. Kupanda na kushuka kwa sauti huwa kunabaki, hivyo mtu anaweza bado kuchunguza toni, lakini ubora wa irabu na mkwaruzo wa konsonanti kama s na sh huharibika, na kilichotupwa hakirudi hata faili likigeuzwa kuwa WAV baadaye. Wapo wanaogeuza hivyo wakidhani wametibu.

Maikrofoni ya kubana kwenye nguo au ya kuvaa kichwani ni bora kuliko ile ya ndani ya kinasa sauti. Ikiwa ni ya mezani, ikae takriban sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za p na b zisiigonge, na juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isipitishe mitikisiko. Kiwango cha sauti kiwekwe ili kilele kicheze karibu na desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo cha kinasa sauti. Kikigonga mwisho, mawimbi hukatwa vichwa na hakuna programu ya kuyarudishia. Ule mpangilio wa kinasa sauti unaojirekebisha wenyewe uzimwe, kwa sababu hupandisha kelele kila msemaji anaponyamaza. Anayelazimika kutumia simu aweke programu inayorekodi WAV, azime mtandao, achomeke maikrofoni ya nje, na afanye jaribio la dakika mbili alisikilize kwa vipokea sauti vya masikioni kabla ya kumsumbua mtu.

Halafu kelele. Dar es Salaam ina bodaboda, feni, friji na muziki wa jirani. Kijijini kuna kuku, na mvua juu ya bati ambayo hufunga kazi papo hapo. Chumba chenye nguo zinazoning'inia, magodoro na mapazia hunyonya mwangwi kuliko ofisi ya kata yenye sakafu ya saruji na kuta tupu. Alfajiri baada ya sala, au saa nane hadi saa tisa mchana, ndipo mitaa mingi hutulia. Feni izimwe, na mapumziko yawe ya mara kwa mara kwa ajili ya joto.

Orodha ya maneno nayo ina mtego wake. Orodha fupi ya maneno 100 au 200 iliyotungwa na Morris Swadesh ilikusudiwa kulinganisha lugha na lugha. Haitoshi kueleza fonolojia ya lugha moja. Kwa Afrika ipo orodha ya maneno 1,700 iliyoandaliwa na Keith Snider na James Roberts, na hiyo inafaa. Kila neno lisemwe mara tatu, kisha mara moja ndani ya sentensi ileile isiyobadilika, mfano wa "niliona kitu fulani jana". Sababu ni mbili. Kwanza, mtu anapotaja maneno kwa mfuatano hupandisha sauti kwenye mengi na kuishusha kwenye la mwisho, kama anayesoma orodha ya majina, na mtafiti asiyejua huhesabu mshuko huo kuwa toni. Pili, katika lugha kadhaa toni ya nomino ikitajwa peke yake si ile ile ya ndani ya sentensi. Kwa takriban sekunde 11 kwa neno, orodha nzima ni kama saa tano za sauti. Igawanywe siku tano au sita. Msemaji aliyechoka huanza kuvuta maneno na kuchanganya Kiswahili.

Hapa mji unasaidia na pia unadanganya. Dar es Salaam inao wasemaji wa karibu kila lugha ya nchi hii, ambazo kwa hesabu ya kawaida huzidi 120. Mwanafunzi anaweza kufanya vikao kumi vya awali hapa hapa, akajaribu hojaji, akagundua konsonanti asizozijua, akafahamu ni sentensi gani zinachekesha au kutia aibu, kabla ya kutumia nauli. Kwa Kiiraqw, chenye sauti za kooni ambazo Kiswahili hakina, au Kisandawe chenye vidoko (sauti za kugonga ulimi kinywani), vikao hivyo ni vya lazima, kwani wiki ya kwanza yote huisha katika kuzoeza sikio. Lakini msemaji aliyekaa mjini miaka 20, akaoa au kuolewa na mtu wa lugha nyingine na kuzungumza Kiswahili na watoto, si sawa na ndugu yake aliyebaki nyumbani. Usemi wake ni halali na unastahili kuchunguzwa kwa haki yake wenyewe. Kosa ni kuuandika kwa jina la lugha tu, bila kusema umetoka wapi. Ndiyo maana rekodi iambatane na karatasi ya maelezo: msemaji alizaliwa wilaya gani, alilelewa kijiji gani, alihamia mjini mwaka gani, nyumbani anaongea lugha ipi na nani, umri wake, na tarehe na mahali pa kurekodi. Mistari kumi, dakika tano za kuijaza siku hiyo hiyo. Ikiachwa kwa ajili ya kesho, mwezi wa tatu mwanafunzi ana mafaili 140 yaliyoandikwa REC001, REC002, na hakumbuki sauti ni ya nani.

Jina la faili lenyewe libebe taarifa. Kila lugha ina alama ya herufi tatu katika orodha ya kimataifa: nyy ni Kinyakyusa, suk ni Kisukuma, hay ni Kihaya, irk ni Kiiraqw, sad ni Kisandawe, hts ni Kihadza. Baada ya alama hiyo ifuate tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha namba ya msemaji na namba ya kikao, bila nafasi na bila herufi za pekee. Jina la mtu lisiwekwe kwenye jina la faili.

Muda nao unaumiza, na sitaki kuonekana kama nisiyejua. Uzamili wa kozi na tasnifu kwa kawaida ni mwaka wa darasani na mwaka wa utafiti. Ndani ya mwaka huo wa pili pendekezo la utafiti lipitishwe idarani, kibali kitoke, safari ifanyike, kazi iandikwe. Mwanafunzi wa ndani hupata barua ya chuo, aipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Watafiti wa kigeni hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali. Kinachochelewesha mara nyingi ni kidogo sana: barua inataja wilaya moja na wasemaji wako mbili, au jina la lugha kwenye barua si lile lililopo kwenye pendekezo. Anayebeba nakala kumi za kila barua na kutaja wilaya zote tangu mwanzo huokoa wiki nzima.

Kisha kuna unukuzi, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Kunukuu, kutafsiri na kuchanganua dakika moja ya mazungumzo kunaweza kula saa moja au zaidi ya kazi. Saa kumi za rekodi basi haziwezi kunukuliwa zote na mtu mmoja katika miezi mitatu, na wala hazihitajiki zote kwa tasnifu moja. Mwanafunzi achague saa moja au mbili za kuzichanganua kikamilifu, nyingine azigawe kwa vipande na kuandika mada tu, na zilizobaki azihifadhi pamoja na karatasi zake za maelezo. Njia moja ya haraka ni kumpa mzungumzaji mwingine wa lugha hiyo asikilize sentensi moja moja na kuirudia polepole kwenye kinasa sauti cha pili, halafu aseme tafsiri yake kwa Kiswahili. Kwa namna hiyo hata ambaye hataifikia lugha hiyo kwa miguu ataweza kuinukuu baadaye.

Programu ya ELAN, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, hufunga kila mstari wa maandishi kwenye sekunde yake ndani ya sauti. Nayo ni ya bure. Jedwali la kwenye Word halifanyi hivyo, na linaleta balaa jingine: tasnifu za zamani zilizochapwa kwa fonti za kifonetiki za kabla ya Unikodi (mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta) zikifunguliwa leo alama zote zimegeuka visanduku. Tangu siku ya kwanza mwanafunzi atumie fonti ya Unikodi kama Charis SIL au Doulos SIL. Na kila mfano ndani ya tasnifu ubebe jina la faili na dakika yake, ili mtahini wa nje akitilia shaka mfano wa 47 aende moja kwa moja kuusikiliza. Najua baadhi ya wanafunzi wanaliogopa hilo. Lakini mtahini asiyeweza kusikia hana anachotahini zaidi ya ufasaha wa maelezo.

Suala la ridhaa lisichukuliwe juujuu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, sauti ya mtu anayetambulika si kitu cha kuzungushwa ovyo. Fomu za ridhaa zinazotumika mara nyingi zimenakiliwa kutoka tafiti za afya, na ndani yake mna ahadi kwamba rekodi zitafutwa utafiti ukiisha. Kwa daktari ahadi hiyo ina maana. Kwa mwanaisimu ni kuwaahidi watu kwamba usemi wao utateketezwa, na wengi wao wangeshangaa wakieleweshwa hivyo. Fomu iulize maswali manne yaliyotenganishwa: unakubali kurekodiwa, rekodi ikae maktaba, ipatikane kwenye mtandao, na jina lako litajwe? Mtu anaweza kukubali la kwanza na la pili akakataa mengine. Asiyesoma aelezwe kwa lugha yake, jibu lirekodiwe mwanzoni mwa kikao, au aweke dole gumba. Mazungumzo ya watu wawili hutaja majirani, mashamba yanayogombaniwa, hata tuhuma za uchawi. Mwanafunzi ayapitie na msemaji kabla ya kuyakabidhi. Nyimbo za jando na unyago ziwe na ngazi yake: maktaba inazo, hazifunguliwi ila kwa idhini ya wenyewe. Ngazi tatu zinatosha, ya wazi, ya watafiti kwa maombi, na ya kufungwa.

Je, gharama? Saa moja ya WAV ya kipimo nilichotaja, kwa maikrofoni mbili, ni karibu gigabaiti moja; kwa maikrofoni moja ni nusu yake. Tasnifu yenye saa kumi ni gigabaiti kumi. Idara ikipokea tasnifu 20 kwa mwaka, hizo ni gigabaiti 200, na diski moja ya terabaiti nne ingechukua miaka mingi kujaa. Isiachwe ijae, maana diski zenyewe huzeeka na kufa. Zibadilishwe kila baada ya miaka minne mitano, nakala ziwe tatu, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Maktaba nyingi za vyuo vyetu tayari zinaendesha hazina za kidijitali kwa programu ya DSpace, ambayo hupokea faili la sauti kama inavyopokea PDF. Linalokosekana ni mtu wa kukagua kama mafaili yanafunguka na kama karatasi za maelezo zimejazwa. Huyo ni mfanyakazi mmoja. Kwa chuo kinacholipa watahini wa nje na kujalidi nakala, sioni kwa nini ashindikane.

Wasimamizi wengine husema data ni jasho la mwanafunzi, akiiweka wazi wenzake watamtangulia kuchapisha makala. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Jibu lake ni kufunga rekodi kwa miaka mitatu, kisha zifunguke kulingana na ridhaa. Kukabidhi na kufungua ni mambo mawili tofauti.

Hili halingekuwa geni Mlimani. Mwaka 1970 ilichapishwa orodha ya J.W.T. Allen ya hati za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha hiyo haikuishia kwenye hati. Iliingiza na kanda za sauti. Nyimbo za Wanyamwezi alizozichambua Erich von Hornbostel mwaka 1909 zilikuwa zimenaswa kwenye mitungi ya nta, na hifadhi ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa 1900 bado inatunza mitungi ya aina hiyo. Nta imevuka miaka mia moja kwa kuwa palikuwa na rafu yake na mtu wa kuitunza. Baadaye, Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza 2001 Mlimani kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Gothenburg cha Sweden, ulitoa misamiati, sarufi, na mwaka 2009 Atlasi ya Lugha za Tanzania, kazi ambayo kila mwanafunzi wa isimu anapaswa kuianzia.

Leo mtafiti anayepata ruzuku ya kimataifa ya uhifadhi wa lugha zilizo hatarini hulazimika kwa mkataba kuweka rekodi zake katika hifadhi kama ELAR, iliyoanzia London na sasa iko Berlin. Mwanafunzi anayejilipia ada hapa nyumbani hana mkataba wa namna hiyo, hivyo hakuna anayemuuliza. Ndiyo kusema sauti za wazee wetu zilizorekodiwa na mgeni zinapatikana kwa kubofya, na zile zilizorekodiwa na mjukuu wao, anayeijua lugha kuliko mgeni, zimepotea. Hilo linaniuma, na nadhani lingewauma wasomaji wako wengi wakijua. Kihadza kina wasemaji wapatao elfu moja na hakijathibitishwa kuwa na ndugu popote duniani. Kila saa ya sauti yake iliyofutwa kwenye simu haina mbadala.

Kanuni kamili itapitia Seneti na itachukua muda wake. Lakini idara haihitaji kuisubiri. Kikao kinachopitisha mapendekezo ya utafiti kinaweza, kuanzia muhula ujao, kudai ukurasa mmoja unaoeleza: rekodi zitakuwa saa ngapi, kwa kifaa gani, nakala zitakaa wapi kila jioni, fomu ya ridhaa inasema nini, na nakala ya kijiji itarudishwaje. Hili la mwisho ni rahisi kuliko yote: diski mweko mbili, moja kwa ofisi ya kijiji, moja kwa familia ya msemaji. Na msimamizi, kabla ya kusoma sura ya kwanza, amwombe mwanafunzi alete vipokea sauti na wasikilize pamoja dakika kumi.

Mwanaisimu,
Dar es Salaam